Ziwa Nililolichora Ufaransa

Mji wa kwanza duniani nilioujua kwa ramani ni mji mdogo wa Ufaransa ulio kando ya mto. Ninaujua hadi leo kuliko wengi waliozaliwa humo. Ninajua daraja lake lina matao mangapi, ukuta wake ulikuwa na milango mingapi, na mlango upi ulifungwa jua likizama. Sijawahi kuufikia, na sina hamu ya kuufikia. Nakuru, ambayo ilikuwa mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka nilipokaa, nilikuja kuijua kwa ramani baada ya Ufaransa. Ndivyo tulivyosomeshwa.

Majina sitayataja, ya watu wala ya mji ule. Tarehe nitazitaja, kwa sababu tarehe ni mali yangu. Mama yangu alihesabu miaka kwa njaa na kwa nzige. Mimi, tangu nilipojifunza kuandika nambari, sijaacha siku yangu hata moja ipotee.

Mume wangu alifariki Alhamisi, tarehe 11 Oktoba 1956, kwa homa ya mapafu. Alikuwa dereva wa trekta katika shamba la Mzungu mmoja karibu na Njoro, shamba la ngano na pareto, na nyumba tuliyokaa ilikuwa nyumba ya dereva. Si nyumba yetu: nyumba ya dereva. Ilikuwa na vyumba viwili na mlango wa mbao uliofungika vizuri, wakati wengine katika laini, safu ya nyumba za wafanyakazi, walikuwa na chumba kimoja na gunia mlangoni. Dereva alipokufa, nyumba ilibaki ikimngoja dereva mwingine, na mimi na binti zangu wawili tulikuwa kama vyombo vilivyosahauliwa ndani yake.

Dereva mpya alikuwa kaka wa jirani yangu, mke wa nyapara. Kwa hiyo nilikumbushwa hali yangu kila asubuhi, bila malipo.

"Mama, bado hujafunga masufuria?" aliniuliza tukienda kuchuma maua ya pareto.

"Nitayafunga nikimaliza kuyapikia."

"Usikawie sana. Kaka yangu analala stoo na magunia. Panya wamemzoea mpaka wanamsalimia."

"Mwambie naye awasalimie. Ni wenzake."

Aliyenipa muda alikuwa memsabu, mke wa bwana shamba. Bwana alikuwa Mwingereza. Yeye alikuwa Mfaransa, na jambo hilo hakuruhusu mtu yeyote alisahau, hasa mumewe. Alikuwa ameamua kwamba shamba lifungue darasa la watoto wadogo, na kwamba darasa hilo lingehitaji msaidizi mwanamke aliye na cheti cha kusoma na kuandika. Msaidizi angepewa nyumba. Bwana alikubali kwa namna alivyokubali mambo yote ya mkewe, yaani akiwa anatazama kitu kingine. Nikipata cheti kabla ya mwaka 1957 kwisha, ningebaki katika nyumba ile. Nikikikosa, tarehe 31 Desemba ningetoka. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano na sikuijua hata herufi moja.

Darasa la akina mama lilianza Jumanne, tarehe 8 Januari 1957, katika stoo ya mbegu. Tulikuja wanawake kumi na wanne, wengine kwa elimu, wengine kwa chai. Memsabu aliingia na kitabu kimoja kikubwa kifuani kama anayebeba mtoto mchanga. Sisi tulitarajia kitabu cha a-e-i-o-u. Kumbe ni kitabu cha mji aliozaliwa: mto, daraja, kanisa, ngome, kinu, soko. Vitabu vingine, alituambia, viliagizwa kutoka Nairobi na vilikuwa njiani. Viliendelea kuwa njiani mwaka mzima.

Aliongea Kiswahili cha masetla, Wazungu wenye mashamba, lugha ambayo ina amri tu na haina salamu.

"Sasa nyinyi nasikia. Hii mto yangu. Hii daraja yangu, iko mzee sana. Hii kanisa. Wewe, nasema kanisa."

"Kanisa," tukasema.

"Kwa kanisa iko jino ya mtakatifu. Ndani ya sanduku ya dhahabu. Kila mwaka watu nabeba hii jino, nazunguka mji mzima, basi mto hapana ingia kwa nyumba."

Memsabu huyu ndiye aliyewahi kumfukuza mchungaji wa ng'ombe wake kazini kwa kukutwa na hirizi.

"Jino moja tu?" akauliza mke wa nyapara.

"Moja."

"Shosho, nyanya yangu, pia alibaki na moja, na hakuna aliyelibeba. Labda ndiyo maana mahindi yetu yalisombwa na maji."

Wanawake walicheka mpaka kikombe cha mtu kikamwagika. Memsabu alidhani tumefurahishwa na muujiza, akatuonyesha picha ya sanduku.

Nataka kuwa mwadilifu. Alitufundisha kusoma kweli. Kutoka kwa daraja tulitoa d na a. Kutoka kwa ngome tulipata ng, ambayo ilitutoa jasho. Kufikia Pasaka niliweza kuandika jina langu na la mume wangu, na nililiandika la mume wangu kwanza. Lakini kila neno tulilojifunza lilikuwa na mizizi Ufaransa. Nilijua kuandika "mtengenezaji wa mapipa" kabla ya kuandika "posho," unga tuliopimiwa kila wiki. Nilijua miaka ya mafuriko yote ya mto ule, na miaka ya wafalme waliopita mjini wakalala usiku mmoja, kwani mji ule, sijui kwa nini, hujivunia sana watu waliolala humo na kuondoka asubuhi. Miaka hiyo bado ninayo kichwani, lakini sitapoteza muda wa msomaji.

Siku ya ukuta ndiyo iliyoanza kutufungua macho. Memsabu alieleza kwa fahari jinsi mji ulivyozungukwa na ukuta, na jinsi kengele ilipopigwa jioni kila mtu alitakiwa awe ndani, na anayekutwa nje bila ruhusa alikamatwa. Sisi tulitazamana. Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti, nayo ilipigwa saa kumi na mbili jioni na nyapara, mume wa huyu huyu jirani yangu. Kwetu jambo hilo liliitwa amri ya kutotoka nje. Kwao, miaka mia kadhaa ikishapita, huitwa urithi, na watu hulipa nauli kwenda kuutazama.

Halafu ikaja siku ya kinu. Mwenye ngome alikuwa na kinu chake mtoni, na kila mtu wa mji alilazimishwa kusaga ngano humo na kumwachia sehemu ya unga. Walilima mashamba yake siku fulani za wiki bila malipo, na hawakuweza kuhama bila idhini yake.

Mke wa nyapara aliinua mkono. "Memsabu, kumbe watu wako walikuwa maskwota kama sisi?"

Memsabu alipata wekundu kuanzia shingoni. "Hapana! Hapana maskwota! Hawa watu ya Ufaransa!"

"Lakini walikaa kwa shamba ya bwana."

"Ndiyo."

"Wakasaga kwa posho mill ya bwana."

"Ndiyo, lakini..."

"Na walikuwa na kipande cha kuonyesha askari?"

Ili kuokoa heshima ya mji wake, memsabu alifungua ukurasa ambao nafikiri hakukusudia kutufundisha. Palikuwa na picha ya ngome juu ya kilima, kuta nne tupu, anga likionekana kwa ndani.

"Nyinyi natazama. Siku moja watu nakasirika. Watu nakwenda kwa ngome, nachukua daftari yote ya bwana, iko majina, iko kazi ya kila mtu. Nachoma. Halafu nachoma paa. Hata leo ngome hapana paa. Baba ya babu ya babu yangu, yeye alikuwa hapo!" Alijipiga kifua. Macho yalimng'aa. "Sasa nyinyi najua. Hapana maskwota."

Hakuna aliyecheka siku hiyo. Tulitoka nje tukaitazama nyumba ya bwana juu ya kilima, na mabati yake mekundu. Kisha tukatazama chini, kila mmoja peke yake, kwa sababu mwaka ule hata kutazama paa la mtu kwa muda mrefu kungeweza kuitwa kosa. Tangu Jumanne iliyofuata memsabu aliupita ukurasa ule haraka. Lakini ngome tuliichora kila wiki, na kila wiki tuliichora bila paa, kama tulivyofundishwa.

Kuchora ramani ndilo lililokuwa somo lake kuu, na hapo ndipo mimi na yeye tulipogombana. Mto wake nilimchorea vizuri kutoka milimani, nikaupitisha chini ya daraja na mbele ya kinu, na nilipofika mwisho wa karatasi nikauchorea ziwa.

"Hii nini?"

"Ziwa, memsabu. Pahali mto unapoishia."

"Hapana ziwa! Mto nakwenda bahari."

Nikafuta. Wiki iliyofuata nikachora ziwa. Sikuwa mkaidi; mkono wangu ulikataa. Mito yote niliyoijua hushuka kutoka milima ya Mau, ikalisha watu na ng'ombe, kisha huingia katika ziwa la Nakuru na kukaa humo. Ziwa halina mlango wa kutokea. Wakati wa kiangazi mto Njoro haufiki hata ziwani; unanywewa na ardhi njiani, na huoni ulipozamia. Kuambiwa kwamba kuna mto unaovuka nchi nzima bila kuchoka, na unamwagika mahali pasipo na ukingo wa pili, kulionekana kwangu kama majigambo, na majigambo ya mji ule nilikwisha kuyazoea. Nilichora ziwa, na baadaye nikaongeza heroe kandokando, wale ndege wekundu, kwa sababu ziwa bila heroe ni dimbwi.

"Wewe kichwa ngumu," memsabu alisema. "Mtihani wewe naanguka kwa sababu ya hii ndege."

Mke wa nyapara alichora bahari safi kila mara, na meli tatu juu yake. Hakuwa amewahi kuona bahari, lakini hakuwa na ugomvi nayo. "Mpe bahari yake, mama," aliniambia. "Inakugharimu nini? Ama kwa vile nyumba si yako tena, hujali?"

Mtihani ulifanywa Ijumaa, tarehe 29 Novemba 1957. Mkaguzi alitoka Nakuru kwa baiskeli, Mwafrika mwenzetu, mwenye tai na suruali iliyobanwa kifundoni kwa kamba ili isiingie kwenye mnyororo. Aliongea taratibu na alituita mama mmoja mmoja, jambo lililotushtua zaidi ya mtihani. Tulisoma, tukaandika barua fupi, tukafanya hesabu. Nilijua nimefanya vizuri. Kisha aliandika ubaoni swali la mwisho: tuchore ramani ya mahali tunapopajua vizuri, tuonyeshe mto, majengo makubwa, na mto unapoishia.

Tulikuwa tumebaki tisa. Sote tisa tulichora Ufaransa. Wala hatukufikiri mara mbili. Mahali pa kuchorwa palikuwa ni mahali pamoja tu, kama vile wimbo wa kanisani ni ule uliofundishwa. Nilichora ngome kilimani, kuta zake nne na anga ndani. Nilichora kinu, daraja, kanisa na mnara wake, nyumba za watu mstari mmoja chini ya kilima, na mlango wa kufungwa jioni. Jina la mji nililiacha mwisho, kwa sababu nusu ya herufi zake huandikwa lakini hazisomwi, zimekaa tu pale kama wageni wa bwana siku ya Jumapili. Muda ukaisha kabla sijaliandika.

Mkaguzi alianza na mke wa nyapara, kwa sauti iliyotufikia sote.

"Mama, hii ni nini?"

"Bahari."

"Na hizi?"

"Meli."

"Hapa Njoro?"

"Ni kwa kitabu, bwana mwalimu."

"Niliuliza mahali unapopajua, mama. Umewahi kukaa huko?"

"Aa, hapana. Nani atanipeleka?"

Akaweka alama ya mkasi. Wa pili vivyo hivyo, wa tatu vivyo hivyo: bahari, meli, mkasi. Nilimwangalia memsabu aliyekuwa amesimama dirishani. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko kawaida yake, na hiyo haikuwa kazi ndogo. Nilihesabu siku zilizobaki hadi tarehe 31 Desemba. Zilikuwa thelathini na mbili. Nikawaza ni vitu gani binti zangu wangeweza kubeba kichwani, na vipi tungeviacha.

Mkaguzi aliichukua karatasi yangu. Aliitazama kwa muda, akaigeuza kidogo kuelekea mwanga, na akatabasamu.

"Hii sasa ndiyo ramani," akasema. "Mto Njoro huu, unatoka Mau. Posho mill. Daraja. Laini ya wafanyakazi. Geti la jioni. Tangi la maji juu ya mnara wake, vizuri. Nyumba ya bwana kilimani. Na ziwa, na heroe wake! Mama, wewe peke yako umetumia macho yako."

Nilisimama wima. Ningeweza kusema kwamba tangi lile ni mnara wa kanisa lenye jino la mtakatifu. Nina kiburi changu, na kiburi changu hakipendi kupewa alama ya kitu ambacho sikukifanya. Lakini kiburi hakina paa.

"Asante, bwana mwalimu," nikasema.

Bwana shamba aliitwa ili atie sahihi. Aliingia akiwa na haraka, akaipokea ramani, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja niliyokaa shambani kwake nilimwona akifurahi. Mtu akiona nyumba yake imechorwa kubwa kuliko kanisa hufurahi.

"Hii nyumba yangu! Mzuri. Mzuri sana." Kisha kidole chake kikasimama. "Paa wapi?"

"Nauliza paa wapi? Nyumba yangu iko na paa. Nani natoa paa yangu?"

Nilihisi macho ya wanawake wanane mgongoni mwangu. Mke wa nyapara alijua jibu. Angeweza kulitoa na kumpa kaka yake nyumba kabla ya jua kuzama. Lakini angelazimika kueleza paa lile liliungua vipi, nani alilichoma, na kwamba darasa zima, yeye akiwa wa mbele, lilifundishwa habari hiyo na kuichora Jumanne baada ya Jumanne. Mke wa nyapara, katika mwaka ule, hasemi habari za kuchoma paa la bwana mbele ya bwana. Aliutazama mguu wake. Memsabu alitazama nje, kana kwamba kuna ngano isiyo ya kawaida.

"Sijamaliza, bwana," nikasema. "Paa huwekwa mwisho."

Alifikiri. Ilimwingia akilini, kwani naye aliwahi kujenga. Akatoa penseli mfukoni mwake, akanipa.

"Basi maliza."

Nikainama juu ya meza, nikaiezeka ngome ya Wafaransa mbele ya bwana, mkaguzi na mjukuu wa walioichoma. Sikukaza penseli. Bwana akatia sahihi, mkaguzi akatia sahihi. Nyumba ikawa yangu kwa karatasi, na kaka wa jirani akarudi kwa panya wake.

"Umepita kwa ziwa!" jirani aliniambia njiani. "Mimi nimechora alivyosema, meli tatu, nikaanguka. Wewe umekosea mwaka mzima, ukapita!"

"Bahari yake nilimwachia," nikamjibu. "Ni wewe uliyeenda kukaa huko."

Memsabu alinijia Jumatatu, tarehe 2 Desemba, nikifagia stoo iliyokuwa sasa darasa langu. Alisimama mlangoni na kitabu chake kifuani.

"Sisi natoa ile paa," alisema polepole. "Watu yangu natoa. Wewe narudisha."

"Ndiyo, memsabu," nikasema. "Watu wako walikuwa na nyumba zao za kurudi."

Alikihamishia kitabu kwapani. Akaondoka.

Bwana aliiwekea ramani yangu kioo na kuitundika ofisini kwake. Wageni walionyeshwa: hili ndilo shamba, limechorwa na mwanamke wa pareto. Walisifu tangi. Kwa miaka miwili mabwana wa Njoro na Molo walisimama na bilauri mkononi, wakitazama mji mdogo wa Ufaransa na kutambua kila kitu.

Bwana na memsabu waliondoka shambani Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1959. Bwana alikuwa garini tayari, akipiga honi. Memsabu alikuja mlangoni kwangu, mlango ule wa mbao, akanipa kitu kilichofungwa kwa gazeti.

"Hii yako," akasema. Kisha akaongeza, "Mimi nasahihisha kidogo."

Nilikifungua walipokwisha kupita geti. Ilikuwa ramani yangu, kioo chake kimetolewa. Paa lilikuwa limefutwa kwa uangalifu, mstari kwa mstari, na kifutio kilikuwa kimeacha kivuli cha kijivu juu ya kuta nne, ambacho mtu asiyejua angedhani ni moshi. Jina la mji alikuwa ameliandika juu kwa mkono wake, pamoja na herufi zote zisizosomwa. Ziwa hakuligusa. Heroe wangu wamo hadi leo, wamesimama kwa mguu mmoja katikati ya Ufaransa.